Sababu ya Mzee Ackson

Jumapili, 5 Machi 1995

Nimeamua kuandika kila nikipata nafasi masika hii yote, maana nikisema kwa mdomo nitagombana, na wa kugombana nao ni wakwe zangu.

Jana Baba mkwe ameingia kwenye shamba langu la migomba na kamba ya kupimia na mzigo wa vijiti. Sikumwona. Huwa simwoni, wala yeye hanioni. Wenzetu wengi hapa usharikani wamelegeza ule mwiko wa zamani wa mkamwana na baba mkwe, lakini ukoo huu haujalegeza hata uzi. Mwaka wa tisa nimeolewa hapa na sijui uso wa baba wa mume wangu. Nikisikia kikohozi chake njiani nachepuka, nainama nyuma ya majani mpaka apite. Kanisani nakaa nyuma kabisa upande wa wanawake na kuangalia sakafu. Jina lake silitaji, na hata humu sitaliandika. Tukiwa na neno la kuambiana hubebwa na Mama mkwe, Ikupa, na sijui amemaliza kandambili ngapi kwa kwenda na kurudi kati ya nyumba yake na yangu.

Basi jana nilisikia tu vijiti vikigongwa, ko, ko, ko, kutoka juu njiani hadi chini kijitoni. Halafu Ikupa akaja, akakaa kwenye kigoda mlangoni.

"Mzee anasema migomba itang'olewa baada ya Pentekoste," akasema. "Ardhi ilale kiangazi. Mvua za kwanza apande chai."

Nimelelewa kule Kisiba, nilifundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, lakini moyoni nilikataa. Shamba lile nilionyeshwa na Ikupa mwenyewe nilipoletwa hapa bibi harusi. Ndizi zake ndizo wanangu wanakula, zinazobaki nauza Tukuyu, na nikiuza sina wa kuniuliza. Chai ni mali ya mwanamume. Chai ikiingia pale, mimi nitakuwa mchumaji.

Mume wangu, Nsajigwa, anafanya kazi kwenye makaa ya mawe kule Kiwira na hurudi baadhi ya Jumapili. Kwa hiyo niko peke yangu na nina silaha moja tu. Kila Pentekoste kwaya yetu hucheza mchezo baada ya ibada, na mwandishi wa mchezo ni mimi. Wazee wote hukaa benchi la mbele. Mwaka huu watamwona mzee mmoja anayemnyang'anya mkamwana wake shamba. Mtu na aone aibu mbele ya watu, aende mwenyewe akang'oe vijiti vyake.

Jumatano, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepata kurasa tatu. Mtu wangu mbaya nimemwita Mzee Tamaa.

Jumamosi, 11 Machi

Sokoni Tukuyu. Ndizi zimekwenda polepole kwa sababu ya matope. Anayeuza mitumba pembeni yangu ni Kuruthumu, na tangu malori ya mitumba yaanze kushuka kwa wingi biashara yake imekuwa nzuri kuliko ya sisi wote. Anapenda hadithi kuliko chakula. Mvua ilipotukusanya chini ya turubai lake nikamsomea.

Mzee Tamaa anaingia akicheka kicheko kikubwa. Anampiga teke kuku. Anamwita mkamwana wake mbwa. Anasema, "Shamba nitalichukua, ha ha ha!"

Kuruthumu alisikiliza mpaka mwisho huku anakunja mashati.

"Huyo mzee wako anakula nini?" akauliza.

"Anakula nini kivipi?"

"Nauliza tu, Mama Lusungu. Akishampiga kuku teke anakwenda wapi? Ana mke? Anaumwa mgongo? Mimi nimelelewa na baba wa kambo mkorofi haswa, lakini jino likimuuma alilia kama sisi. Huyu wako hana jino."

"Ni mtu mbaya, basi."

"Haya. Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Nimerudi nyumbani nimenuna njia nzima. Yeye anajua nini juu ya kuandika? Lakini nilipokaa nikajaribu kuandika Mzee Tamaa anakula nini, kalamu ikasimama. Baba mkwe anakula nini? Miaka yote hii napika na kupeleka bakuli kwa mkono wa Ikupa, na sijui kama anapenda ndizi za maziwa au anazivumilia.

Jumapili, 19 Machi

Nsajigwa amekuja. Nimemwambia habari ya vijiti, akasema anajua. "Baba ni baba. Akishasema amesema." Akala, akatengeneza mpini wa jembe, akaenda kumsalimu baba yake, akarudi upesi.

"Mmeongea nini?"

"Mvua."

"Basi?"

"Na ng'ombe."

Nampenda mume wangu, lakini kuna siku natamani kumtikisa kama mti wa mapera. Baba na mwana hawana mwiko wowote kati yao, wanaweza kutazamana mchana kutwa, na wanaongea mvua.

Jumatatu, 27 Machi

Mazoezi ya kwanza. Mzee Tamaa anachezwa na Jotham, fundi seremala, mwenye sauti ya nne. Ameweka mto tumboni na ndevu za katani. Kwaya imecheka mpaka mwenyekiti akaomba tuzime vicheko, kuna watu wanafunga na kuomba ndani ya kanisa.

Ilipaswa nifurahi. Badala yake nimerudi na wasiwasi. Nimemfikiria Baba mkwe pale benchi la mbele akimtazama Jotham na mto wake. Atacheka kama wengine. Atasema, kweli kuna wazee wa ajabu duniani. Hatajiona kabisa, na asiyejiona haoni aibu. Nikitaka aibu imfikie, lazima mzee wa mchezo atembee kama yeye, akohoe kama yeye, atake kitu kama anavyotaka yeye. Na mimi sijui anataka nini zaidi ya shamba langu.

Jumapili, 2 Aprili

Leo limetokea jambo lililonishtua. Ikupa amekuja na chumvi aliyoazima, akakaa kigodani, akasema, "Mzee amesikia una mchezo wa mzee anayechukua shamba."

Kisu cha kumenyea kiliniponyoka. "Anasema nini?"

"Anauliza huyo mzee ana sababu gani."

Nikamwangalia usoni kama kuna hasira aliyoibeba kutoka kule. Ikupa ana uso wa mtu anayehesabu ngazi, huwezi kusoma kitu. Nikasema, "Mwambie ana tamaa."

Akaenda. Nikamenya mkungu mzima. Akarudi amelowa. "Anasema tamaa si sababu. Hata mwizi ukimkamata ana sababu, iwe nzuri iwe mbaya."

Nimeshangaa kuliko nilivyoogopa. Yule mzee wa kikohozi na fimbo ana akili ya namna hii?

Jumapili, 9 Aprili

Nimempelekea jibu: mzee wangu anataka bati, kwa kuwa jirani yake ana bati. Kweli tupu, nyumba ya Baba mkwe ni ya nyasi na ya jirani yake Amoni, aliyepanda chai mapema, inang'aa mpaka barabarani. Nilidhani nimemchoma.

Ikupa amerudi na hili: "Bati hununuliwa. Anauliza, mzee wako analala akiwaza bati? Au kuna kinachomkosesha usingizi?"

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Maji yamepita uani kama mto, na huwezi kusikia mtu kwa kelele zake. Katika mvua hiyo hiyo Ikupa amekuja, jani la mgomba kichwani. Hakukaa kigodani. Alikuja mpaka jikoni, akachuchumaa kwa moto karibu yangu, akasubiri mvua ipungue.

"Mzee amenituma," akasema. "Anasema uandike hivi. Yule mzee ana mwana anayefanya kazi chini ya udongo. Kila asubuhi mwana anashuka, na baba bado yuko juu anakula jua. Si mpango huo, mwana gwangu. Mkubwa ndiye hutangulia chini. Gari likipita usiku baba anakaa kitandani, anasema, ndio wanakuja kuniambia. Kwa hiyo anataka kitu kisimame pale nje, kitu cha kumshika kijana juu ya ardhi. Chai inamshika mtu. Chai haikuachi uondoke. Ndiyo sababu yake."

Macho yake yalikuwa na maji. Nikasogeza kuni, nikadhani ni moshi.

"Mzee amesema yote hayo?"

"Ndivyo alivyosema."

Alipoondoka nililia, sitaficha. Halafu nikaandika bila kusimama mpaka watoto wakaja kuuliza chakula. Mzee Tamaa nimemfuta jina. Sasa ni Mzee Ackson, mtu kama watu. Nimemwondolea kicheko, kuku nimemwacha salama. Nimegundua kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: nilipoacha kumchukia kwenye karatasi ndipo alipoanza kutisha. Tamaa ungeweza kumfukuza kwa jiwe. Ackson atachukua shamba lako huku analia, na wewe utamshikia kamba.

Jumatano, 19 Aprili

Lusungu ana homa. Kinini. Sijaandika.

Ijumaa, 21 Aprili

Homa imeshuka. Bibi yake amemletea maziwa ya mgando. Lusungu amemuuliza kama babu yake naye anaumwa, Ikupa akasema babu hajawahi kuumwa ila ubishi.

Jumapili, 30 Aprili

Nimempelekea Baba mkwe mazungumzo ya Mzee Ackson na mkamwana. Kwa miguu ya Ikupa, sentensi kwa sentensi, maana hasomi na Ikupa hasomi, nimemkaririsha. Mkamwana wa mchezo ni mpole, mchapakazi, ana subira, anaomba tu aachiwe migomba ya watoto. Nampenda mno.

Jibu limekuja jioni: "Huyo binti, yeye hataki mumewe arudi?"

Nimekaa na swali hilo na sikulipenda. Ni kweli, katika kurasa zote mkamwana wangu hamlilii mumewe hata mara moja. Analilia ndizi. Nikajiuliza mwenyewe, na jibu limenitia aibu kidogo: nimezoea. Nyumba ni yangu siku sita. Nimekuwa mtawala mdogo kati ya jiko na kijito, na Nsajigwa akija namkaribisha vizuri kama mgeni, na mgeni akiondoka unafagia. Kumbe mzee asiyewahi kuniona ameniona.

Nimemwandikia mkamwana ukali kidogo. Sasa anasema, "Mkimrudisha mume wangu kwa kuniondolea shamba, atarudi kwa nani? Kwa mimi ninayechuma chai yenu?" Wawili hawa sasa wanaweza kusimama jukwaani. Kila mmoja ana haki, na haki ya mmoja inakanyaga mguu wa mwenzake.

Jumapili, 7 Mei

Mvua. Maharage yameoza chini. Nsajigwa hakuja.

Jumapili, 14 Mei

Nimo taabani. Jana Jotham amesema maneno mapya ya Mzee Ackson bila mto na bila ndevu. Aliposema "mkubwa ndiye hutangulia chini", sauti ya kwanza yote ilikuwa inafuta macho, na Agness, kiongozi wao, akasema kwa nguvu, "Jamani, huyu binti si ampe tu shamba!"

Mpe tu shamba. Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu. Nimenoa panga miezi miwili, sasa nimelishika upande wa makali. Wazee wakiona mchezo huu watamshika Baba mkwe mkono, na vijiti vitabaki.

Kuruthumu nilimsomea sokoni. "Sasa ana jino," akasema. "Linauma mpaka mimi. Lakini shamba utalikosa, rafiki yangu."

"Naweza kumrudisha Tamaa. Bado siku zipo."

"Unaweza," akasema. "Jotham bado ana ule mto?"

Tumecheka, halafu hatukucheka. Ningeweza kweli. Lakini nikimrudishia pembe na mkia nitakuwa nimesema uongo nikijua, na mtu mmoja pale mbele atajua pia, yule aliyeniamini akanipa sababu yake. Tena kuna jambo jingine, nalisema hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nimempenda yule mzee. Miaka yote kilikuwa kikohozi kichakani, na sasa Ikupa akichelewa kuja na jibu naangalia njia. Nimeacha mchezo ulivyo.

Jumapili, 21 Mei

Nilimsikia akipita asubuhi, nikachepuka kama kawaida. Nikatamani kikohozi kisimame kidogo. Hakikusimama.

Jumapili, 4 Juni, Pentekoste

Nitaandika polepole, kichwa kinazunguka.

Kanisa lilijaa, wengine madirishani. Nsajigwa alikuja, akakaa katikati na wanaume wenzake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la vitenge lililotenga mlango wa ofisi ya mchungaji, nikiwakumbusha wachezaji maneno. Baba mkwe alikuwa benchi la mbele, umbali wa kutupa kofia. Nilijua kwa kikohozi.

Sehemu ya kwanza watu walicheka panapochekesha. Mkamwana aliposema maneno yake makali, wanawake wakaguna, "Ee, sema!" Nikapata tumaini. Halafu Jotham akasogea mbele na kamba yake ya kupimia.

"Mnaniona nimeshika kamba, mnasema nataka shamba," akasema. "Mwanangu anashuka chini ya udongo kila asubuhi, mimi baba yake niko juu nakula jua. Tangu lini? Mkubwa ndiye hutangulia chini. Gari likipita usiku nakaa kitandani. Nasema, ndio wanakuja kuniambia. Binti, chukua vyote vilivyo vyangu, lakini hapa niachie nipande kitu kitakachomshika mwanangu juu ya ardhi."

Nikawa nasikia matone ya paa. Kisha mtu mmoja akajikaza asilie akashindwa, na nikaijua sauti hiyo, ni ya mume wangu. Sijawahi kumsikia akilia. Wazee wakaanza kusimama mmoja mmoja, nikasikia wanamwendea yule wa benchi la mbele. "Ndaga fijo, asante sana. Ndaga, umekuwa baba kweli." Wote walikuwa wanajua habari ya vijiti. Kijiji hiki kinajua hata sufuria ya nani imetoboka.

Na hapo, karibu kabisa na pazia, nikasikia sauti yake, kavu, yenye mshangao, akimuuliza mke wake:

"Ikupa. Nani kasema hayo?"

Nikasikia kandambili za Ikupa zikirudi nyuma.

"Mimi sijasema hayo kwa mtu yeyote."

Jumatatu, 5 Juni

Ikupa amekuja kabla sijamaliza kufagia. Safari hii sikumpa kigoda. Alisimama uani, mikono kifuani.

"Mama," nikamwambia, "yale maneno ni ya nani?"

"Ni ya kwangu."

"Yote?"

"Mwanzo nilimpelekea kweli habari ya mchezo wako. Nilimkuta anakamua. Akasema, mwambie apike, michezo ni ya watoto. Nikaona nikurudishie hilo?" Akatazama migomba. "Nikakaa nyuma ya zizi kidogo, nikakurudishia la kwangu. Na lile lingine. Na lile."

"Yeye anataka chai kwa nini?"

"Amoni ana bati."

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mkwe yeyote, na nikamwonyesha. Nikamwambia amenilaghai. Nimeacha silaha yangu kwa ajili ya machozi ya mtu ambaye hakuyalia. Ningewachekesha watu kwa Tamaa wangu, ningeshinda, na sasa kijiji kizima kinamshika mkono mtu anayetaka bati! Niliuliza kama haoni aibu kunichukulia shamba kwa mdomo wa mumewe.

Alisikiliza yote. "Mimi ndiye ninayekaa kitandani gari likipita," akasema. "Miaka hii yote nimebeba maneno yenu, yako kwake, yake kwako, ya Nsajigwa kwa baba yake. Hakuna aliyeniuliza, Ikupa, na wewe? Wewe ulipoyapokea yale ya sababu ukayaandika, ndiyo mara ya kwanza mtu kunisikiliza. Hata kama hukujua ni mimi."

Akaondoka. Sijamwita.

Nimeandika haya jua likiwa juu, na bado nina hasira, na chini ya hasira kuna kitu kinachofanana na wivu. Mimi ndiye mwandishi wa usharika. Lakini Mzee Ackson hakutungwa na mimi. Alitungwa nyuma ya zizi la ng'ombe na mwanamke niliyemwona kila siku, nikamdhania mlango tu wa kupitishia maneno.

Jumatano, 7 Juni

Nsajigwa hajarudi kazini. Juzi na jana alikuwa anazunguka tu shambani. Leo amekwenda kwa baba yake na amekaa huko mpaka mchana.

Aliporudi alikaa kigodani pa mama yake. "Nimemuuliza," akasema. "Nimesema, Baba, yale ya kwenye mchezo ni kweli? Unaniwaza hivyo?"

"Akasemaje?"

"Akachokonoa udongo kwa fimbo. Halafu akasema, ni kweli."

Nikageuka kwenye moto ili asinione uso.

"Nimemwambia siachi kazi," Nsajigwa akaendelea, "wala sitaki chai. Lakini nitakuwa nakuja kila Jumamosi. Akasema vizuri. Tukaongea. Kumbe naye aliwahi kushuka migodini ujanani, kule kusini. Sikuwahi kujua."

Ningeweza kumwambia. Neno moja, na angejua kuwa sababu ile ni ya mama yake, na baba yake amejivisha kama koti la kuazima. Sikumwambia. Sijui kama nimefanya vema. Wazee husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Labda wakati Baba mkwe anachokonoa udongo, lilikuwa linakuja. Mtu amesifiwa na wazee wote kwa wema asiokuwa nao, mwanawe amekuja na macho mekundu kuulizia wema huohuo, angesema nini? Bati?

Nilimpelekea Ikupa bakuli la ndizi za maziwa. Kwa mkono wangu, mpaka mlango wake wa nyuma. Nikamuuliza usiku analalaje.

Jumamosi, 10 Juni

Jua limetoka. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali niliposikia kikohozi kwenye migomba, karibu sana, nikarudi nyuma ya ukuta. Nikasikia vijiti vinang'olewa, kimoja kimoja, na kutupwa kwenye rundo. Alianzia juu njiani, akashuka. Sikuthubutu kuchungulia.

Karibu na jiko akasimama. Wazee wana njia yao neno likitaka kumfikia mkwe na hakuna wa kulibeba: huongea na kitu. Nilikuwa nimesikia habari hiyo tu, sijawahi kufanyiwa.

"Wewe mgomba," akasema, "mwambie huyo anayeandika. Yule Ackson wake ni mwema kunishinda. Asinitazamie mengi. Huku juu nimeondoa. Kule chini kijitoni siondoi, chai nitapanda. Amoni hawezi kunicheka mpaka nife."

Kule chini kijitoni ndiko kwenye ndizi nene kuliko zote. Anajua. Hasira ikanipanda, na nikiwa na mwiko wa ugali mkononi, nyuma ya ukuta wa jiko langu, nikaona sina sababu ya kunyamaza.

"Wewe sufuria," nikasema kwa sauti, "mwambie Baba. Yule mkamwana wa mchezo ni mpole kunishinda mimi. Kule chini nitapigania."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Halafu akacheka. Kicheko chembamba, cha puani, cha mtu aliyeshikwa bila kutarajia, ndicho hichohicho anachocheka Nsajigwa. Akacheka, akakohoa, akaendelea kushuka na vijiti vyake.

Miaka tisa, na sikujua kwamba anacheka. Ningelijua hilo mwezi wa tatu, ningemwandika mtu mwingine kabisa.